Bosi aliyenifundisha nisimjibie mtu, sasa anataka nisaini majibu ya kompyuta

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitoke. Kwenye kazi yetu hapa Dar es Salaam tunajuana wote. Ukisema tu "yule dada wa fildi", watu watatu watanitaja.

Nina miaka 39, nimeolewa, nina watoto wawili. Nafanya kazi katika kampuni ya utafiti wa masoko. Ni sisi tunaobisha hodi na kitambulisho shingoni, tunakuuliza unapikia mafuta gani, uliyanunua lini, kwa nini yale na siyo haya, kisha tunakushukuru na kuhesabu nyumba kadhaa kabla ya kubisha tena. Hata ndani ya nyumba hatumhoji yeyote aliyefungua mlango. Kuna jedwali la kuchagua mtu, alilitunga Leslie Kish mwaka 1949, na siku hizi kishikwambi ndicho kinachochagua. Kikisema ni yule kaka aliyelala chumba cha uani, unasubiri aamke. Nilianza mwaka 2009 nikiwa mdodosaji wa kulipwa kwa idadi ya madodoso. Leo mimi ndiye msimamizi mkuu wa fildi, na nina wadodosaji kama thelathini ninaowaita kazi ikitokea.

Nianze na aibu yangu. Wiki ya tatu kazini nilipangiwa Tandale. Jua kali, viatu vinabana, watu wananifungia milango. Nikakaa chini ya mwarobaini nyuma ya genge, nikajaza madodoso kumi na moja kwa kichwa changu. Sisi tunaita kupika data. Msimamizi wangu alipokuja kukagua, maana nyumba kadhaa lazima zirudiwe, akanikamata. Hakunifokea. Alinirudisha Tandale Jumamosi, bila posho, tukabisha milango yote kumi na moja mimi na yeye. Nyumba moja nilikuwa nimemwandika kijana wa miaka 25 anayekunywa soda kila siku. Mlango ukafunguliwa na bibi muuza ubuyu aliyekatazwa sukari na daktari. Tukiwa kwenye daladala tunarudi, msimamizi aliniambia maneno mawili ambayo nimemwambia kila mdodosaji niliyemfundisha tangu siku ile: "Usimjibie mtu."

Msimamizi yule ndiye bosi wangu wa leo. Kampuni ni yake.

Nimepita mabadiliko mengi, Shangazi. Mwaka 2014 tulipoacha karatasi na kuingia kwenye vishikwambi, mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Mwaka 2020 korona ilipofanya watu waogope kufunguliana milango, tulihoji kwa simu, nikajifunza namna ya kumzuia mtu asikate kabla ya swali la tano. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naogopa teknolojia.

Sasa sikiliza. Tulipata kazi ya mteja anayeuza mafuta ya kula ya chupa. Anataka kujua kwa nini akina mama wengi bado wananunua mafuta ya kupima dukani, ya mia tano, ya elfu moja, wakati ukipiga hesabu chupa kubwa ni nafuu. Mkataba unasema kaya 1,200, wilaya zote tano za Dar. Tukafika 700. Masika yakaharibu njia za Chamazi na Kigamboni, bajeti ikaisha, mteja akakataa kusogeza tarehe. Bosi akasema fildi ifungwe. Siku tatu baadaye nikafungua faili, nikakuta kaya 1,200.

Aliniita akanionyesha mwenyewe, bila kujificha, kama mtu aliyenunua gari jipya. Ni programu ya akili mnemba. Unaipa mahojiano yetu ya zamani, halafu unaiambia: mwanamke, miaka 34, Chamazi, mama lishe, watoto watatu. Inakujibu dodoso zima kama yeye. Anawaita wahojiwa wa kidijitali. Anasema Ulaya na Marekani ndiyo habari ya mjini kwenye kila mkutano wa fani yetu, na tusipoingia sasa, wateja watatuacha.

Nimewasoma wote mia tano. Wanajieleza vizuri mno. Hakuna hata mmoja aliyesema "sijui". Hakuna aliyesema "subiri niepue wali". Swali la kwa nini mafuta ya kupima, wote wamejibu kipato cha siku kwa siku, kwa maneno mia tano tofauti. Kwenye zile 700 za kweli, mama mmoja wa Mbagala Kizuiani, mpangaji, alimwambia kijana wangu hivi: "Nikiweka chupa imejaa, uani hapa wote watakuja kuazima. Nikinunua ya mia tano, jioni nasema yameisha, na kweli yameisha." Baada ya kulisikia lile nilitaka kumkumbatia. Mteja akilijua hilo atafikiria upya hata chupa yake.

Ripoti inaandikwa kwamba kaya 1,200 zilihojiwa ana kwa ana. Mimi ndiye wa kusaini ukurasa wa uhakiki wa fildi, mwisho wa mwezi ujao, ndipo malipo ya mwisho yatoke. Na bosi amenipa habari njema papo hapo: anaanzisha kitengo kipya cha data na ubunifu, anataka nikiongoze, mshahara unapanda karibu nusu. Mume wangu anasema nisaini, mafuta ya kula hayajawahi kuua mtu. Wadodosaji wangu wananiuliza kwenye kundi la WhatsApp kazi ijayo lini. Yupo mama mtu mzima mle aliyenifundisha namna ya kuongea na walinzi wa mageti ya Masaki. Sijui nimwambie nini.

Na kuna hili: programu imelishwa mahojiano yetu ya miaka kumi, mengine na sauti na namba za simu. Watu wale mlangoni niliwaambia "majibu yako ni siri".

Nikimwambia bosi sitasaini, namvunjia heshima mtu aliyenitoa Tandale. Nikisaini, namvunjia heshima mtu yule yule. Au mimi ndiye mzee wa zamani anayelilia karatasi?

Msimamizi wa fildi, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijakujibu, nami nina la kuungama. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa kazi yako alinikuta kibarazani, akaniuliza nafulia sabuni gani. Wifi yangu alikuwa pembeni anasuka ukili. Nikataja sabuni ya unga ya bei kubwa. Kweli ni kwamba nafulia ya mche. Binti akaandika, akanishukuru, akaenda zake. Nilikuwa mtu halisi, mwenye mlango halisi, nikampa uongo safi. Kwa hiyo nilipokusoma ukiwasifu wale 700, nilijikuna kichwa kidogo. Tusiwafanye malaika kwa sababu wana damu.

Nadhani nimekuelewa. Uliajiriwa ukiwa binti wa miaka ishirini na tatu, ukapika data, akakukamata mtu ambaye angeweza kukufukuza, naye akakufundisha. Kazi yako yote umeijenga juu ya maneno yake mawili. Sasa mtu yule yule anakuomba uthibitishe kwa jina lako jambo ambalo alikukataza, na anakuomba kwa tabasamu, na cheo juu yake. Huku nyuma kuna watu thelathini wanaosubiri simu yako, na wengine mamia waliokuamini mlangoni. Ndiyo maana hulali. Hukuandika kwamba hulali, lakini barua yako imeingia saa tisa na dakika kumi za usiku.

Nilikwenda kumwona rafiki yangu mmoja aliyestaafu kazi hiyo, tukanywa kahawa mpaka ikapoa. Sikumtajia chochote cha kukutambulisha. Ninayokuambia hapa kuhusu fani yenu mengi nimeyapata kwake, ubishi ni wangu.

Kwanza nataka tufungue fundo. Umefunga pamoja mambo matatu: mashine, maneno "ana kwa ana", na ajira za wadodosaji. Ukiyavuta kwa pamoja yanakaza zaidi.

Mashine yenyewe kwanza. Unaona kujaza pengo kwa majibu yaliyotungwa ni dhambi tangu mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu alinicheka. Alisema wataalamu wa takwimu wanajaza mapengo tangu zamani. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 iliongeza watu kama milioni 1.2 kwa makadirio, kwa kuangalia nyumba za jirani, pale ambapo hawakupata jibu. Jimbo la Utah likapoteza kiti cha bunge kwa North Carolina kwa sababu ya hesabu hiyo, likaenda mahakamani, na mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikasema utaratibu unakubalika. Basi bosi wako akikuambia "hata sensa wanafanya", usimwone mwongo. Ila muulize mambo mawili. Walioongezwa kule walikuwa kama asilimia 0.4 ya watu wote. Ninyi mmejaza 500 katika 1,200, zaidi ya asilimia 40. Na wale walisema wazi walichofanya, ndiyo maana Utah iliweza kuwashtaki. Mteja wenu wa mafuta atalalamikia kitu asichokijua?

Kuhusu hao wahojiwa wa kidijitali, bosi hakutunga habari. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Marekani walionyesha kwamba programu ya aina hiyo, ukiipa maelezo ya mtu, inaweza kuiga kwa karibu namna makundi mbalimbali ya Wamarekani yanavyojibu maswali ya siasa. Watu wengi walishangilia. Mwaka uliofuata wenzao wa Vanderbilt wakaitazama programu nyingine ya namna hiyo kwa jicho kali zaidi. Wakakuta wastani unakaribiana na ule wa watu, lakini majibu yamebanana, hayatofautiani kama watu wanavyotofautiana, na ukibadilisha kidogo maneno ya swali au ukirudia baada ya miezi, yanageuka. Sasa rudia barua yako: "Wote wamejibu kipato cha siku kwa siku, kwa maneno mia tano tofauti." Wewe peke yako, hapo Tabata, kwa kusoma faili na kuchukizwa, umeona kitu kile kile walichokiona wale wenye vifaa. Na wao walikuwa wanaiga Wamarekani, watu ambao maandishi yao yamejaa mtandaoni. Mpangaji wa Kizuiani ameandika wapi kuhusu chupa na majirani zake wa uani?

Hapo ndipo ninapoanza kukubishia, lakini kwa upande ambao labda hukuutarajia. Unaamini kwamba bila zile 500 kazi yenu ni mbovu. Bosi naye anaamini hivyo, ndiyo maana amezitengeneza. Ninyi wawili mnakubaliana! Rafiki yangu alichukua nyuma ya risiti akapiga hesabu. Sampuli ya bahati nasibu ya watu 1,200 ina kosa la karibu asilimia 2.8 juu au chini. Ya watu 700, karibu 3.7. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Kwa utafiti wa mitaa, mnapohoji nyumba zilizosogeleana, makosa yote mawili yanakua, hilo unalijua kuliko mimi, lakini uwiano unabaki. Mteja anayetaka kujua kama akina mama wengi wananunua ya kupima hatapotea kwa sababu ya hiyo sehemu ya asilimia.

Usishangilie bado. Wale waliokosekana si watu wowote tu. Ni wa Chamazi na Kigamboni, njia zilizokufa kwa mvua, pengine ndiko mafuta ya kupima yananunuliwa zaidi. Nani amekosekana ni swali zito kuliko wangapi. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba kwenye uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Walikuwa wamechukua majina kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, miaka ya njaa, na waliojitokeza kujibu nao walikuwa wa aina yao. George Gallup, mwenye sampuli ndogo sana kuliko ile, akapatia. Kule kwenu mnamsubiri kaka aamke chumba cha uani ili asichaguliwe mtu kwa kuwa tu ni rahisi kumpata. Mhojiwa wa kompyuta ndiye rahisi kuliko wote kumpata, naye halali usingizi kamwe.

Kwa hiyo lipo jambo la kumpelekea bosi ambalo si kukataa wala kukubali. Ripoti iseme 700 ana kwa ana, iseme mvua, iseme wilaya zipi zimepungua na wapi tafsiri iende polepole. Majibu ya kompyuta yakitaka kubaki, yakae kwenye sura yake mwenyewe, yameandikwa ni nini. Nimeambiwa kwamba ESOMAR, chama cha kimataifa cha watafiti wa masoko kilichoanzishwa mwaka 1947, kina kanuni zake tangu mwaka 1948, na uwazi kwa mteja kuhusu data ilivyopatikana ni moja ya nguzo zake. Hutakuwa unaleta ushamba. Utakuwa unaleta kilicho cha kawaida kwenye fani.

Lakini tusijidanganye kwamba njia hiyo ni laini. Mteja anaweza kusema mkataba ni 1,200, lete 1,200, au kukata malipo. Hasara hiyo inamwangukia bosi, na kupitia kwake inakufikia wewe na wale thelathini. Unaweza kupendekeza zilizobaki zihojiwe kwa simu. Nchi hii ina uzoefu huo, utafiti wa Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza unapiga simu kwa kaya tangu mwaka 2013, na wao waliwagawia watu simu kabisa ili maskini wasiachwe nje. Ninyi hamkugawa simu. Simu ya mama ikiwa ya baba, atakayejibu habari za mafuta ni nani? Na namba za kaya ambazo hamkuzifikia mtazitoa wapi? Hayo ni ya kwako kuyapima, mimi naishia hapa.

Sasa saini. Mumeo anasema mafuta hayaui. Namheshimu, na anafikiria ada za watoto, nisingetaka mkosane kwa sababu yangu. Lakini ukurasa ule hauulizi kama mafuta yanaua. Unauliza kama watu walihojiwa. Aprili 2025 huko New Hampshire, Marekani, watu wanane walishtakiwa kwa madai ya kuwauzia wateja data za utafiti zilizoghushiwa, ankara za dola milioni 10. Kwa mujibu wa mashtaka, waliolipwa kujibu kwa kujifanya watu wengine waliitwa sisimizi. Shtaka si hukumu, na New Hampshire si Kisutu. Nakutajia kwa sababu wale sisimizi walikuwa watu kabisa, wenye vidole. Udanganyifu haukuhitaji akili mnemba, na wala akili mnemba peke yake haifanyi udanganyifu. Maneno "ana kwa ana" ndiyo yanayofanya.

Ukikataa kusaini, bosi anaweza kusaini mwenyewe na ripoti ikatoka vile vile, nawe umepoteza kitengo na pengine kazi. Ukisaini na kuandika chini kwa mkono wako kwamba umethibitisha 700, umesema kweli, lakini umemshtua kwenye karatasi jambo ambalo angelisikia vizuri zaidi uso kwa uso. Kumwendea mteja moja kwa moja ndiko kwenye hatari kubwa; mkataba wako huenda una kifungu cha siri, na ningekuomba usifanye hivyo kabla wakili hajausoma. Wala usibebe faili kwenda nalo nyumbani kama ushahidi. Mle ndani mna namba za watu.

Na hilo linanipeleka kwenye sauti. Umelitaja mwishoni kama kiambatisho, mimi naliona huenda ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei Mosi 2023, ina Tume yake, na inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Sijui programu ya bosi inahifadhi wapi inachokula, na yawezekana hata yeye hajauliza. Ukilianza jambo kwa upande huu, huwi tena mwanafunzi anayemkosoa mwalimu wake. Unakuwa msimamizi anayeilinda kampuni isije ikaingia matatani, na hilo mwenye kampuni husikiliza.

Nimeacha wadodosaji mwisho kwa sababu hapo nitakuuma kidogo, unisamehe. Mwaka 2014 mlipoingia kwenye vishikwambi, wewe ulipanda. Wale mabinti waliokuwa wanakaa ofisini kuingiza madodoso ya karatasi kwenye kompyuta, usiku na mchana, walikwenda wapi? Hukuwataja. Huenda uliwatafutia kitu, huenda ulikuwa mdogo na hukuwa na la kufanya. Nauliza kwa sababu unaandika kana kwamba ukikataa kusaini umewaokoa wale thelathini. Mashine itabaki hapo mezani hata ukikataa. Kazi zao zina mjadala wake, na pengine mtu wa kuuendesha ni yule anayeongoza kitengo kipya: anayejua wapi kompyuta inasaidia, kama kujaribu dodoso kabla ya kwenda nalo mtaani, na wapi lazima apelekwe yule mama wa mageti ya Masaki. Au pengine ukiingia kitengoni utazoea, mwaka mmoja tu, na hutaona tena tatizo. Yote mawili yametokea kwa watu wazuri. Wewe unajijua zaidi: ukipewa kiti, huwa unakigeuza au kinakugeuza? Na ni masharti gani ungemwekea bosi kabla ya kukaa?

Kuhusu yeye, neno moja. Unasema kumkatalia ni kumvunjia heshima. Mwaka 2009 yeye alikukatalia, na hadi leo unalihesabu lile kuwa heshima kubwa kuliko zote ulizowahi kupewa. Sijui kama anakumbuka Jumamosi ile. Wakubwa husahau waliyotufundisha, sisi ndio tunaobaki nayo. Yaweza kuwa ana deni benki asilokuambia, yaweza kuwa kweli anaamini amepata dawa ya fani. Mtafute asubuhi, kabla vijana hawajaja kuchukua vishikwambi, na usianze na ripoti. Anza na bibi wa ubuyu. Muulize kama anamkumbuka, na umwache ajibu mwenyewe.

Halafu niandikie ulichoamua, hata kama ni kile unachodhani sitakipenda. Na yule mama wa Kizuiani, vyovyote itakavyokuwa, aingie kwenye ripoti na maneno yake kama alivyoyasema, na ile "kweli yameisha" ya mwisho isikatwe.

Shangazi yako